Nimeangalia tamthilia na dada, sasa hanisemeshi. Nifanyeje?

Mpole_Moshi: Wakuu, juzi niliangalia Downton Abbey, tamthilia ya Waingereza, sehemu ya kwanza na dada, mtoto wa baba mkubwa. Aprili 1912 telegramu inafika: Titanic imezama na warithi wote wawili wa Lord Grantham. Ana mabinti, ila jumba, cheo, hata pesa alizokuja nazo mkewe Mmarekani, vyote vinaenda kwa ndugu wa mbali, Matthew, mwanasheria wa Manchester. Matthew alipopokea barua tu, dada akazima TV akaondoka. Nifanyeje?

kibatari: Hamia za Kituruki mkuu.

Mama Wawili: Mnaocheka yule kijana anayepiga pasi gazeti ili wino usimchafue bwana mkubwa, zipo hizo. Niliwahi kufanya kazi za ndani kwa mama mmoja, hadi matambara ya jikoni yalipigwa pasi, na anakuja kuyapapasa kama yana joto.

Wakili wa Kijiweni: Mtu hanuni kwa sababu ya Waingereza. Baba mkubwa yupo?

Mpole_Moshi: Alifariki mwaka jana.

Wakili wa Kijiweni: Na mali?

Mpole_Moshi: Kikao cha ukoo kilisema nyumba na kihamba, yaani shamba la ukoo, nichukue mimi. Sikuomba! Wapangaji nimewaambia kodi waniletee mimi, lazima mtu asimamie. Hata Matthew hakuomba.

Mzee Kobe: Mali ya marehemu ina macho, kijana. Kamwombe radhi dada yako.

Wakili wa Kijiweni: Matthew amebebwa na sheria ya kwao. Wewe umebebwa na mbege ya kikao. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, alisema mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kwa baba yake ana haki ya kuliuza sawa na mwanaume. Msimamizi wa mirathi ni nani?

Chizi Fresh: Ngojeni kwanza. Marehemu kaacha mabinti wangapi?

Mpole_Moshi: Watatu.

Chizi Fresh: CHAI! Kama wa Grantham! Na mjane ni Mmarekani?

Mpole_Moshi: Ni wa Kibosho.

kibatari: 😂😂 Na mtumishi mwenye fimbo, anayepigwa ngwala mbele ya wageni, yupo?

Mama Wawili: Bates mwacheni, aliniliza.

Chizi Fresh: Mods, huu uzi upelekwe jukwaa la hadithi.

Mpole_Moshi: Situngi, wakuu. Msimamizi hajateuliwa. Kwani tukifungua mirathi, hata kodi niliyokwishapokea nairudisha?