Tupeane uzoefu: uliyepata divisheni three au four kidato cha nne, ulipita njia gani kufika chuo? (Kigoma na Tabora)

Wadau, habari za jioni. Matokeo yametoka na huku Ujiji nyumba nyingi zimekaa kimya. Binti wa dada yangu amepata four ya pointi 27. Baba yake anataka aende kuanika dagaa Kibirizi, bibi yake ameshaanza kuulizia mchumba. Mimi nimekataa. Nilimwomba karatasi ya matokeo nikakaa nayo na kalamu: Kiswahili C. Uraia, Historia, Jiografia, Kiingereza, Baiolojia na Kemia, zote D. Fizikia na Hisabati F.

Kidato cha tano cha serikali hapati, kule wanaanzia C tatu. Lakini amefaulu masomo saba, na kozi nyingi za vyuo vya kati zinaanzia ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, kuanzia D. Kwa nini mtoto huyu anaambiwa amefeli? Divisheni ni jumla tu. Anayempokea chuoni anaangalia somo moja moja.

Naomba waliopita huku waseme walikwenda wapi, na wataje masomo. "Nilipata four na leo nina maisha yangu" inatia moyo, lakini haimwambii mtoto ajaze nini kwenye fomu.

Famasia wa Kasulu
Dada, matokeo ya huyo binti yanafanana sana na yangu. Mimi pia Fizikia ilikuwa F. Nilitaka uuguzi tangu nikiwa mdogo, nikaambiwa uuguzi na utabibu lazima uwe na Kemia, Baiolojia na Fizikia. Nililia sana. Mwalimu wetu wa Kemia ndiye aliyenionyesha kwamba famasi wanataka ufaulu wa masomo manne, Kemia na Baiolojia zikiwemo. Fizikia hawakuilazimisha.

Mpaka diploma ni miaka mitatu: ngazi ya 4, ya 5, kisha ya 6. Nisimdanganye, D inakufungulia mlango tu. Mwaka wa kwanza hesabu za dozi zilinitesa. Unapewa uzito wa mtoto, unapewa miligramu kwa kila kilo, unapewa dawa ya maji yenye miligramu kadhaa kwa kila mililita tano, unatakiwa useme mama ampe mtoto kiasi gani. Nilikuwa nakosea pale pa kugawanya. Tulikuwa tunakaa bwenini usiku, wenzangu wananirudisha mpaka hesabu za darasa la sita, na bado nilikula sapu, yaani kurudia mtihani, kabla sijavuka. Mwambie aanze hesabu hizo sasa hivi, asisubiri kuripoti.

Vyuo vya afya vya serikali maombi yake yanapitia mfumo wa pamoja wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, kwa hiyo mkae karibu na tovuti yao dirisha likifunguliwa.

Mwanzisha mada
Ubarikiwe sana mdogo wangu. Famasi hatukuwa tumeiwaza kabisa, sote tulikuwa tunasema nesi, nesi. Hizo hesabu anaanza nazo kesho.

Mrina asali, Sikonge
Mwangaluka wote. Mimi three ya 25. C zangu zilikuwa Uraia, Kiswahili na Baiolojia. C tatu ninazo, lakini nionyesheni tahasusi, yaani masomo matatu ya kidato cha tano, inayotoka hapo! Waliochaguliwa wakaondoka, mimi nikabaki kijijini kwenye tumbaku ya baba.

Mjomba anayeuza asali pale Tabora mjini ndiye aliyeniambia kuna Chuo cha Nyuki. Nimezaliwa mkoa huu na sikuwahi kufikiri mtu anaweza kusomea nyuki. Huku kwetu wazee wanatengeneza mzinga wa magome, wanaupandisha mtini, wakati wa kurina wanakwenda usiku na moto, na masega ya watoto wa nyuki yanakatwa pamoja na ya asali. Chuoni unafundishwa kufungua mzinga wa masanduku, unatoa fremu moja moja bila pupa, unatazama: hii imezibwa kwa nta, asali imeiva, hii bado wazi, ukiivuna ina maji mengi na itachacha. Hapo ndipo Baiolojia yangu ya C ilipoonekana ina kazi.

Niliporudi nilianza na mizinga ya baba mwenyewe. Sasa vikundi viwili vya kijijini vinanilipa niwasimamie. Vijana wa Tabora wanakimbilia Dar kutafuta kozi na vyuo wanavyo mlangoni: Nyuki, Kilimo Tumbi, Ardhi, Reli. Waulize kwanza hapo.

Mzazi, Kibondo
Mimi nina la kuwaonya wazazi wenzangu. Mwanangu alipata four ya 28. Tukafuatwa na mtu nyumbani, mwenye vipeperushi vizuri, akasema nafasi za afya zinaisha wiki hii. Nikauza ng'ombe, nikalipa muhula mzima. Kufika huko, chuo kweli kina usajili, lakini kozi aliyoandikishwa haikuwa imeidhinishwa. Mwaka ulipotea, pesa haikurudi.

Kwa hiyo mambo ni mawili: usajili wa chuo, na idhini ya kozi yenyewe. NACTVET wanatoa kitabu cha mwongozo chenye vyuo, kozi na sifa za kujiunga. Kifungueni hata kwenye simu ya jirani, mtafute jina la chuo na jina la kozi. Msipoiona kozi, msilipe hata akija na gari.

Uhazili Tabora
Nami niwasemee wa kidato cha sita. Nilipata D, E na S. Chuo kikuu wanataka masomo mawili ya prinsipo, yaani ufaulu wa A hadi E, yafikishe pointi 4. D ni 2, E ni 1, nikaishia 3. Nikaingia Chuo cha Utumishi wa Umma, kampasi ya Tabora, ambayo wenyeji bado tunaiita Uhazili, nikasomea utunzaji wa kumbukumbu. Prinsipo moja na S moja zilitosha kuanzia ngazi ya 5, nikamaliza diploma kwa miaka miwili badala ya mitatu.

Ukitoka hapo na GPA ya 3.0 au zaidi unaomba digrii, na zile D nne za kidato cha nne zitaulizwa tena, msizidharau. Ombeni pia namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, NACTVET mapema kabla dirisha la vyuo vikuu halijafunguliwa.

Fundi umeme, Mwanga
Four ya 33. D mbili tu. VETA Kigoma, umeme wa majumbani. Hawakuniuliza divisheni. Nafanya kazi.

Mwalimu, Nzega
Niongeze upande wa kurisiti. Kama kinachokosekana ni somo moja, tuseme Fizikia kwa anayetaka utabibu, ni busara kulirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Fomu ya maombi inapokea namba mbili za mtihani, ile ya shule inayoanza na S na ya kujitegemea inayoanza na P. Lakini kurudia masomo yote tisa ukiwa nyumbani, bila mwalimu, huku unachunga na kupika, sijaona wengi wakivuka, na wasichana ndio wanaoumia zaidi. Na anayetaka ualimu ajue huko divisheni inaulizwa kweli, I hadi III.

Mama wawili, Kaliua
Jamani, na mkopo? Wangu anaingia chuo cha kati, nasikia wanapewa.

Uhazili Tabora
Mama, Bodi ya Mikopo ilianza kuwapa wa diploma mwaka 2023/24, ila kwa kozi za vipaumbele tu, kwa hiyo soma kwanza orodha yao. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wale wa usajili wa vizazi na vifo. Tazama jina lilivyoandikwa: kama cheti cha kuzaliwa kinasema Mwajuma na cha kidato cha nne cha NECTA kinasema Mwajumaa, anza kurekebisha wiki hii, maana dirisha halimsubiri mtu.