Senti za boksi la benki: hii ya 1983 ni mali au?

Mlugulu_Columbus:
Wakuu, shikamooni mliotangulia. Niko Ohio, kazi yangu ya usiku. Mchana usingizi ukigoma nachukua boksi la senti benki, dola 25, roli 50 zenye senti 50 kila moja, nazimwaga mezani kutafuta za zamani na zenye kasoro ya thamani. Zenye masuke ya ngano nyuma (1909 hadi 1958) nimeshazitenga. Sasa nimepata ya 1983, maandishi ya nyuma naona kama yamejirudia. Shemeji anasema tumetoka kimaisha. Mke wangu anataka meza yake. Nitajuaje? Na za shaba nizitunze?

Mzee_Sumni:
Marahaba. Tafuta lenzi ya kukuza mara 10, kisha soma ONE CENT na E PLURIBUS UNUM. Kama kosa lilikuwa kwenye muhuri wenyewe, yaani chuma kinachogonga sarafu, herufi itakuwa nene, imegawanyika kwenye kona, na nakala zote mbili zimeinuka; hiyo ndiyo mali. Ukiona ubapa unaong'aa pembeni ya herufi na herufi yenyewe imekonda, basi ni mashine tu iliyotikisika wakati wa kugonga. Hiyo kanunulie pipi, kama utapata ya senti moja.

Halafu 1983 ina mtego wake. Ni zinki iliyovikwa shaba nyembamba, na miaka ile kazi hiyo haikuwa safi. Ngozi ya shaba ikipasuka kando ya herufi, zinki ya kijivu inachungulia, mtu anaapa ameona herufi ya pili. Picha nyingi ninazotumiwa ni za namna hiyo. Shemeji asubiri kidogo.

Za shaba ni za kabla ya 1982, gramu 3.11, za zinki ni 2.5. Mwaka 1982 walitoa aina zote mbili, kwa hiyo pima. Mimi huzidondosha mezani tu: shaba inalia kengele, zinki inagota. Tunza ukipenda, ila kuyeyusha ni marufuku. Na usizisugue kwa limau wala majivu, mnunuzi atajua!

Mvita_Houston:
Ukiuziwa ya 1943 ya shaba, sumaku kwanza. Mwaka ule shaba ilikwenda vitani, senti zikawa za chuma, na wajanja huzipaka rangi ya shaba. Mie napenda zaidi zetu za tundu, zile za Afrika Mashariki enzi za Mwingereza. Nyanyangu alikuwa na senti kumi za 1936 zenye jina la Edward wa Nane, mfalme aliyeachia kiti kabla ya kutawazwa. Si adimu, lakini siuzi.

Mlugulu_Columbus:
Asanteni. Lenzi nimeagiza. Mzee, keshia wa tawi langu ameanza kuninunia nikirudisha zile nilizochambua.

Mzee_Sumni:
Chukulia benki moja, rudishia nyingine, tena uwe na akaunti kote kuwili. Ukipewa nafasi ya kuchagua, omba roli zilizofungwa kwa mkono na wateja, ndimo vibubu vya wazee vinamoishia. Na fanya haraka: kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kiligonga senti za mwisho za matumizi ya kawaida Novemba 2025.