Kisiwa cha Wrangel: meli ilishindwaje kumfikia fundi Ada?

FundiBondeni (Nakuru)
Hamjambo wadau. Mimi ni fundi cherehani hapa Bondeni, na wiki nzima Ada Blackjack hanitoki akilini. Mama wa Kiinupiati, Alaska, kazi yake kushona. Mwaka 1921 vijana wanne walimwajiri kwa dola 50 kwa mwezi awashonee nguo za manyoya kisiwani Wrangel. Mwanawe Bennett aliugua kifua kikuu na pesa za matibabu hakuwa nazo. Akamwacha kwenye makao ya watoto, akapanda meli. Nami niliwahi kupokea kazi ya mbali mtoto wangu akiwa kitandani, kwa hiyo mama huyu namwelewa. Kisiwa chenyewe kikoje? Na mbona hawakufuatwa?

MwalimuWaJio (Kisumu)
Dada, kiko Urusi, kaskazini mwa Siberia, kama kilomita 140 kutoka bara. Ukubwa ni kilomita za mraba 7,600 hivi, karibu sawa na kaunti yenu. Longitudo ya 180 inapita juu yake. Katikati ya majira ya baridi jua halichomozi kwa miezi miwili. Meli ilitumwa 1922, barafu ikaizuia, ikarudi. Halafu hapo ndipo walipoishi mamothi wa mwisho, wale ndovu wenye manyoya, mpaka miaka 4,000 hivi iliyopita. Piramidi za Giza zilikuwa zimeshajengwa! Bahari ilipopanda iliwakatia njia ya bara, wakabaki peke yao.

Omwana wa Kakamega
Kinachoniuma ni Stefansson, mvumbuzi wa Aktiki. Alipanga safari ili kisiwa kiwe cha Uingereza, yeye mwenyewe hakwenda. Januari 1923 watatu kati ya wale vijana wanne walivuka barafu kutafuta msaada, hawakuonekana tena. Knight, kijana wa nne, akabaki na Ada, akafa kwa kiseyeye.

FundiBondeni
Asanteni sana. Mwalimu, nimeitazama ramani sasa naelewa. Ngozi ya manyoya si kitenge: kila unapochoma sindano unasukuma manyoya ndani kwa kidole, la sivyo mshono unaachia na baridi inapenya. Ada alijua hayo. Kutega mbweha na kupiga bunduki alijifunzia hukohuko, akaishi na paka wao, Vic, mpaka meli ilipofika Agosti 1923. Kisha akampeleka Bennett Seattle kutibiwa.