Shilingi 39,000 zimekwenda na sensa ya gari ilikuwa nzima! Mafundi wa Mombasa, pimeni kabla ya kubadilisha

Jamani, nimenyamaza miezi miwili lakini leo sinyamazi tena.

Gari langu ni Toyota Corolla NZE ya 2005, injini ya 1NZ. Siku zote za kazi natoka Kisauni nakwenda Mariakani. Likaanza kugonga kwenye mlima wa Mazeras: ukikanyaga mafuta na AC imewashwa, wasikia kama mtu anatikisa misumari ndani ya mkebe. Ukilegeza mguu, kimya. Wiki hiyo hiyo taa ya injini ikawaka.

Fundi wa kwanza akachomeka mashine ya kusoma misimbo ya hitilafu, dakika mbili tu, akakata shauri: "P0325. Sensa ya kugonga imekufa." Akafungua manifoldi, akafunga sensa ya mtumba, akafuta msimbo, nikalipa 9,500. Siku ya tatu taa hiyo! Wa pili akanifungia plagi na koili zote nne, 24,000. Wa tatu akalaumu petroli, akashusha tangi na kuliosha, 5,500. Gari bado lagonga, na sasa limekuwa zito, lanywa mafuta kama lori. Akanitazama usoni akanambia: "Dada, injini imekwisha, tafuta nyingine."

Hakuna hata mmoja wao aliyetoa multimeta, kile kipimo cha umeme. Hata mmoja!

Sensa ile ni sikio. Imekazwa kwenye bloki; injini ikigonga, mtikisiko unaiminya, inatoa umeme mdogo, na kompyuta inachelewesha moto wa plagi ili kugonga kukome. Sikio haligongi! Tena P0325 haisemi sensa imekufa. Yasema saketi ya sensa ina hitilafu, na saketi ni sensa, waya, soketi, mpaka kompyuta yenyewe. Kompyuta ikikosa habari za sensa hiyo huchelewesha moto kwa tahadhari, na ndiyo sababu gari likawa zito. Mtu anayekula kwa kazi hii hajui haya?

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi wa umeme huko Changamwe. Kabla hajashika spana aliniuliza: "Mwanangu, siku ya kwanza mashine ilionyesha nini kingine?" Nikafungua picha niliyopiga kwa simu. Misimbo ilikuwa miwili. Wa pili P0171: hewa nyingi, petroli kidogo. Yule wa kwanza aliuona kwa macho yake akaupita!

Mzee akapima waya kutoka kwenye sensa hadi kwenye kompyuta. Akaivuta soketi, ndani kijani tupu, pini zimeliwa. Sisi twaishi na hewa ya chumvi, halafu kwenye kuosha gari injini inapigwa maji ya presha. Soketi ndiyo ya kwanza kuangaliwa hapa pwani. Akakata, akaunga soketi nyingine, taa ikazima mpaka leo.

Kugonga kulikuwa na chanzo chake mbali kabisa. Filta ya hewa imechanika pembeni, kwa sababu kila sevisi wanaipuliza kwa kompresa na kuirudisha badala ya kuniambia ninunue mpya. Vumbi likapita likaganda kwenye sensa ya hewa. Ule uzi wake mwembamba ukichafuka, unapima hewa kidogo kuliko inayoingia kweli, kompyuta inatoa petroli pungufu, na mchanganyiko mwembamba kama huo unapanda joto, unalipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Akaisafisha kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, bila kuugusa ule uzi, akaiacha ikauke. Filta mpya. Kazi yote, pamoja na soketi, 4,000.

Kesho yake nilipanda Mazeras na abiria wanne, AC imewashwa. Kimya.

Miezi miwili napanda mlima ule injini inagonga. Kugonga hutoboa pistoni, huunguza gasketi ya hedi. Ingeniharibikia pale, malori nyuma yangu, nani angelipa?

Aliyeombwa anunue injini aulize kwanza: umepima nini, na imesoma ngapi? Mie kesho asubuhi narudi kwa yule wa kwanza na risiti na ile picha. Pesa zangu nazidai, na sensa yangu aliyoing'oa naitaka mkononi.