Ateri ya shingo imeziba: upasuaji au stenti?

Mlezi: Wakuu, wiki iliyopita mkono wa kulia wa mama yangu, mwenye umri wa miaka 74, ulilegea na ulimi ukawa mzito kwa nusu saa, kisha hali ikarejea kawaida. Vipimo vimeonyesha kwamba ateri ya karotidi ya kushoto imeziba kwa asilimia 80. Tumeambiwa anaweza kupasuliwa shingo au kuwekewa stenti, yaani kijibomba cha wavu kinachoutanua mshipa, kupitia kinena. Navutiwa na stenti kwa kuwa haiachi kidonda shingoni.

Tabibu Mstaafu: Pole sana, ndugu Mlezi. Udogo wa kidonda usikupumbaze. Katika utafiti wa CREST wa mwaka 2010, uliohusisha wagonjwa 2,502, waliopata kiharusi katika kipindi cha matibabu walikuwa asilimia 4.1 kwa stenti na 2.3 kwa upasuaji, ilhali kwa mshtuko wa moyo mambo yaligeuka: asilimia 1.1 kwa stenti na 2.3 kwa upasuaji. Kabla ya kufika shingoni, katheta, yaani mrija mwembamba unaobeba stenti, hupita kwenye tao la aorta, pindo la mshipa mkuu unaotoka moyoni, ambalo kwa wazee mara nyingi limepindapinda na kujaa utando mgumu, na kipande kikimeguka hapo huweza kusombwa na damu hadi kwenye ubongo. Kuanzia miaka 70 hivi, mizani huelemea upasuaji.

Bahari Shwari: Tabibu, umesema kweli, ila shingo ya baba yangu ilikuwa imepigwa mionzi ya saratani, na madaktari wakachagua stenti kwa sababu kupasua hapo kungekuwa na hatari zaidi. Alipewa aspirini pamoja na klopidogreli, dawa za kuzuia damu isigande, akaonywa asiruke hata dozi moja.

Mdadisi: Kwa nini asitumie dawa peke yake?

Tabibu Mstaafu: Kwa asiye na dalili, hoja hiyo ina uzito. Huyu mama ameshaonywa na mwili wake. Utafiti wa NASCET wa mwaka 1991 ulionyesha kwamba, kwa wagonjwa wa namna hii, upasuaji ulipunguza hatari ya kiharusi cha upande huo ndani ya miaka 2 kutoka asilimia 26 hadi 9.

Mlezi: Tunaweza kusubiri mwezi mmoja?

Tabibu Mstaafu: Hapana. Faida kubwa hupatikana ndani ya siku 14 tangu dalili zilipoanza. Kesho muulize daktari wa upasuaji ni wagonjwa wangapi kati ya wale aliowapasua mwenyewe walipata kiharusi au kufariki. Ikizidi asilimia 6, tafuteni mwingine haraka. Aidha, sauti ya mama ikikwaruza baada ya upasuaji, mjulishe daktari: huenda neva imeguswa, na mara nyingi hupona yenyewe.