Kiungulia sugu na upasuaji wa matundu madogo: aliyefanyiwa anisaidie

Fundi Vigae: Wakuu, habari za jioni. Kazi yangu ni kuweka vigae, kutwa nimeinama. Nikiinama tu, tindikali inapanda mpaka kooni. Usiku nalala nimeegemea mito, nakohoa hadi mke wangu anahamia sebuleni. Omeprazole nimemeza miaka. Nikiacha, moto unarudi palepale. Kipimo cha kamera kimeonyesha sehemu ya tumbo imepenya kwenda kifuani, na daktari ametaja upasuaji wa matundu madogo. Kuna aliyepita huko? Maboksi ya vigae nitabeba tena?

Mama Tabata: Pole sana mdogo wangu. Nilifanyiwa, na siku hizi nalala chali bila mto wa ziada. Wanatoboa matundu kama matano, wanajaza gesi tumboni wapate nafasi, wanaingiza kamera. Kilichopanda wanakishusha, uwazi kilipopenyea wanaushona, halafu sehemu ya juu ya tumbo wanaizungushia mwisho wa umio, ile njia ya chakula toka kooni, ili ibane. Nilipozinduka matundu hayakunisumbua; aliyeniliza ni bega! Nesi akaniambia ni ile gesi, inapita yenyewe.

Shughuli ni kula. Mwanzoni uji, supu ya kuchuja, mtori uliosagwa. Tonge la kwanza la ugali lilinikwama, nikasimama nimeshika meza, halishuki halipandi, watoto wananikodolea macho. Chapati na nyama ndizo zilichelewa kurudi. Soda niliiaga, maana kubeua ni shida, na gesi isiyotoka juu hutafuta njia ya chini. Ukiwa umebanwa kwenye mwendokasi la Kimara, utajijua mwenyewe.

Mjuba wa Buguruni: Achana na visu mkuu, chemsha mwarobaini unywe asubuhi na jioni.

Tabibu Mstaafu: Mwarobaini hauzibi uwazi huo, bwana. Fundi, kabla ya kisu ulizia vipimo viwili: mrija mwembamba unaopitishwa puani na kukaa saa 24 ukipima tindikali inayopanda, na kile cha nguvu ya misuli ya umio. Umio ukiwa dhaifu, kuzungushia kote kunaweza kuzuia chakula, hivyo huzungushiwa sehemu tu. Njia hii ya kuzungushia si ngeni: daktari mpasuaji Nissen aliitangaza 1956, na kwa matundu ilianza 1991. Bima nayo uiulize mapema. Halafu dawa unameza saa ngapi? Inatakiwa nusu saa hivi kabla ya kula, si ukishashiba.

Fundi Vigae: Alfajiri kabla ya chai, mzee wangu, sikosei. Vipimo hivyo nitaulizia kliniki. Dada, na maboksi?

Mama Tabata: Mimi nauza vitenge Kariakoo. Marobota alibeba mpwa wangu wiki kadhaa, mpaka daktari aliponiruhusu. Hata kukohoa kwa nguvu nilikuwa naogopa, mshono wa ndani usije ukaachia. Maboksi mwachie saidia fundi, wewe kaa ukate vigae.