Neno la msalabani: "Imekwisha" au "Yametimia"?

Ndugu zangu, Ijumaa Kuu mhubiri wetu alifundisha kwamba tetelestai, neno la Kigiriki alilosema Yesu katika Yohana 19:30, lilikuwa likiandikwa kwenye stakabadhi za kale: "deni limelipwa lote". Kanisa zima likaitikia amina. Naamini deni langu limelipwa, ila ushahidi huo siuafiki. Stakabadhi za mafunjo za Misri zina kifupisho tetel-, na wataalamu hukisoma kuwa cha kitenzi kingine, teloneo, cha watoza ushuru wa forodha.

Mzizi wa neno letu ni teleo, kukamilisha. Ile te- ya mwanzo ni silabi iliyorudiwa, kuonyesha tendo limefika mwisho na matokeo yake yapo. Kiswahili kazi hiyo tumeipa -me-: ukiambiwa wali umeiva, unanawa mikono. Yohana angetaka kusimulia tukio lililopita tu, angeandika etelesthe.

Kinachonikera ni kiambishi cha mbele. Kigiriki, nomino za jinsi isiyo ya kiume wala ya kike, hata zikiwa wingi, huchukua kitenzi cha umoja. Aya ya 28 ina tetelestai hiyohiyo, na kiima chake ni panta, "yote". Biblia yetu ya Union Version ikatafsiri "yote yamekwisha kumalizika". Aya mbili mbele, neno halijabadilika hata herufi, tunasoma "Imekwisha". Hiyo i- ni ya nini? Jirani yangu mzee, asiyelelewa kanisani, nilipomsomea aliuliza taratibu: "Kwa hiyo alikata tamaa?" Ndiyo maana nasimama na tafsiri ya Biblia Habari Njema: "Yametimia".

Mnasemaje?

— Ndugu mtoa mada, kwenye i- nakupinga. Kiswahili husema imetosha, imebidi, imeandikwa, bila nomino yoyote. "Imekwisha" hutoka kwa pumzi moja, kama tetelestai yenyewe. Na teleo huweza kuwa kulipa: Mathayo 17:24, Petro anaulizwa kama mwalimu wake hatoi didrakma, yaani kodi ya hekalu, kitenzi ni hichohicho.

— Mathayo nakubali kabisa, lakini pale kinacholipwa kimetajwa. Yohana hakutaja deni, alitaja andiko: "ili andiko litimizwe", kwa teleiothe, neno la ukoo uleule. Na hiyo imeandikwa yako, ndugu yangu, hufuatwa mara moja na kilichoandikwa. Baada ya "Imekwisha", Yesu aliinama kichwa. Yule mzee angemuuliza nani ni nini kilichokwisha?